Misiba Iliyofutika Studio kwa Luhende

KITUO CHA POLISI KIRUMBA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sihaba Bashiru Msafiri
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 36
Dini: Muislamu
Kazi: Fundi wa kompyuta na simu
Makazi: Kirumba, jirani na uwanja wa mpira
Tarehe ya kuandikwa: 21/08/2024, kuanzia saa 9 alasiri
Mwandishi: WP Koplo Modesta

Nimeonywa kwamba nikisema uongo kwa makusudi ninaweza kushtakiwa. Nimeelewa. Naomba Luhende naye apewe onyo hilo hilo.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nina banda la ufundi njia ya kushukia soko la Mwaloni. Luhende Yakobo ni jirani yangu wa biashara, ana studio ya video milango mitatu kutoka kwangu. Anapiga harusi, kipaimara, mahafali na misiba. Kijana wake wa kamera ni Pius Luhaga, mkazi wa Butimba, ambaye nimemfahamu tangu alipoajiriwa mwezi wa nne mwaka huu. Ni mpole mno, na afande nisamehe, upole wake ulikuwa unaniudhi. Ukimpunja chenji anasema asante.

Nakumbuka leo tarehe 21/08/2024, majira ya saa tatu asubuhi, nikiwa bandani kwangu, Luhende alikuja bila hata salamu. Alisema misiba yote imefutika kwenye kompyuta yake tangu Jumatatu, harusi zipo zote, na kuna mteja ameanza kumchachamalia. Nilimwuliza kwa nini amekaa na shida hiyo siku zote hizo na fundi yuko jirani. Akasema alidhani itajirudi yenyewe. Nilichukua begi langu nikamfuata.

Pale nje ya studio palikuwa na mwanaume ameketi kwenye benchi, amevaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Nilimsalimu, akaitikia vizuri. Pius alinisogeza pembeni akaniambia huyo anaitwa Masele Kashindye, ametoka gerezani wiki iliyopita. Alifungwa kwa kesi ya ng'ombe wa ukoo, na walioipeleka kesi ni kaka zake mwenyewe. Mama yao, Evelina, alifariki mwezi wa tano akazikwa Buswelu, na Masele hakuwepo. Pius ndiye aliyepiga video ya mazishi. Masele alikuwa anataka kitu kimoja tu, amwone mama yake akizikwa. Luhende alikuwa anampiga kalenda tangu Jumatatu, njoo kesho, njoo kesho, na mwenzie kila asubuhi anakuja anaketi kwenye benchi lile.

Niliingia chumba cha ndani, kile cha kompyuta. Ukuta wake ni wa mbao nyembamba, kinachosemwa mbele unakisikia chote. Dirisha lina nondo.

Kompyuta ya Luhende inatumia mfumo wa Linux. Aliwekewa na fundi aliyekuwepo zamani, ambaye sasa amehamia Dodoma, baada ya virusi kumlia kazi zake. Ina folda kubwa inaitwa Mapokezi. Kila kazi ina folda yake humo ndani, na pembeni yake huwa kunarundikana faili za ovyo zinazotoka kwenye kadi za kamera. Kwa kuwa diski ilikuwa inajaa, Jumapili jioni Pius aliandika skripti. Skripti ni maandishi ya amri, kompyuta inayafuata mstari kwa mstari bila kuuliza. Hiyo ya Pius ilitakiwa kupita Mapokezi na kutazama kila kitu. Ikikuta folda iache, maana hiyo ni kazi ya mteja. Ikikuta faili lililozagaa ifute. Basi. Ni wazo zuri, hata mimi ningefanya hivyo.

Nilimwuliza Pius mbele ya Luhende kama alifuta kitu kwa mkono. Alisema hapana, skripti tu. Alisema aliijaribu kwanza kwenye harusi na ikaziacha salama. Nikamgeukia Luhende, nikamwuliza: "Misiba mnaihifadhi tofauti na harusi?" Nilimwuliza kwa kuwa haiingii akilini skripti ichague misiba tu. Kompyuta haijui kilio wala vigelegele. Luhende alisema: "Hakuna cha tofauti. Vyote viko hapo hapo." Naomba hilo liandikwe kama alivyolisema, maana leo mchana amelikana.

Majira ya saa nne kasoro, Masele alisimama akaja mlangoni akauliza kama kuna matumaini. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Luhende alimwambia fundi anatazama. Halafu Luhende akaniambia kwa kunong'ona kwamba yule mtu ni wa jela, lolote linaweza kutokea, hivyo ananifungia ili asije akaivunja kompyuta. Hakusema asije akaniumiza mimi, alisema kompyuta. Akavuta mlango akatia komeo kwa nje. Mimi nilikuwa nimeshainamia kazi, nikaona ni upuuzi wake wa kawaida, nikamwacha.

Nilifungua skripti nikaisoma. Kosa la kwanza ninalolitafutaga kwenye skripti za namna hii ni majina yenye nafasi katikati. Mtu akiita folda "Harusi ya Tereza" na asiifungie jina vizuri kwa alama za kunukuu, kompyuta inaona vitu vitatu, inauliza Harusi ni folda, ya ni folda, Tereza ni folda, inaambiwa hakuna, inavuruga. Lakini Pius alikuwa amefungia majina yote vizuri. Nilimsifu moyoni.

Wakati huo nilianza kusikia sauti ya Masele ikipanda kule mbele. Alikuwa anamwambia Luhende aseme ukweli, ipo au haipo. Luhende akasema haipo, imefutwa. Masele akauliza imefutwa na nani. Hapo ndipo Luhende alipotamka maneno haya, na niliyasikia kwa masikio yangu: "Muulize huyu Pius. Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye ndiye kaandika kitu cha kufuta, na kwa nini kifute misiba tu? Mimi nadhani kaka zako wamempa chochote."

Afande, hayo maneno hayakuwa na hata chembe ya ukweli. Luhende hawajui hao kaka hata kwa sura. Aliyasema ili lile joto lihame kutoka kwake liende kwa kijana.

Nilimsikia Pius akisema: "Sijafuta, kaka. Naomba tumsubiri dada Sihaba amalize."

Baada ya hapo nilisikia kishindo, kitu cha chuma, halafu benchi likaanguka. Nilijua ni stendi ya kamera, ile ya chuma nzito ambayo Pius huiegemeza mlangoni asubuhi. Pius alilia mara moja, kilio kirefu. Nilikimbilia mlango, nikausukuma, komeo likagoma. Niliupiga mateke nikimwita Luhende afungue. Alijibu akiwa karibu kabisa na mlango, kana kwamba ameuegemea. Alisema: "Wewe malizia kazi, ukiipata atatulia." Nilimtukana. Tusi lenyewe sitaki liandikwe, mama yangu yu hai na anasoma.

Nilienda dirishani nikapiga kelele kupitia kwenye nondo. Dirisha hilo linatazama uchochoro wa nyuma na hapakuwa na mtu, watu wote wa asubuhi wako upande wa barabara. Simu yangu niliiacha bandani kwenye chaji. Nilirudi nikasimama mbele ya kompyuta. Ninaona aibu kusema kwamba nilipiga magoti na kuomba Mungu badala ya kufanya kazi, kwa kitambo kidogo. Kule mbele stendi ilikuwa inashuka. Kila ikishuka Masele anauliza, "Wamekupa nini?" Kila ikishuka Pius anasema hakuna. Kisha akawa hasemi, ananguruma tu kwa maumivu, na Masele bado anauliza.

Niliona wazi kwamba mlango ule hautafunguka kwa mateke. Njia ya kumtoa Pius ilikuwa ni kuipata ile video.

Nilifanya hivi. Nilitengeneza folda ya majaribio. Ndani yake nikaweka folda moja, faili moja la ovyo, na kitu cha tatu ambacho nilikumbuka mafundi wa zamani walivyopenda kukitumia, yaani njia ya mkato. Njia ya mkato ni kama kibao cha barabarani. Ukiibonyeza inakupeleka kwenye folda iliyoko kwingine, na mtu asiyejua anadhani amefungua folda yenyewe pale pale. Kwenye skripti nikaondoa neno la kufuta nikaweka neno la kusema, ili iniambie inachotaka kufuta bila kukifuta. Nikaiendesha.

Folda iliiacha. Faili, ilisema italifuta. Njia ya mkato, ilisema si folda, itaifuta.

Ndilo hilo. Pius alitumia amri ambayo haifuati kibao kinakoelekea, inakitazama kibao chenyewe. Kibao si folda, na skripti ilikuwa inajua mambo mawili tu duniani, folda na takataka. Kwa hiyo ikang'oa vibao vyote vya misiba. Lakini kung'oa kibao cha Buswelu hakuifuti Buswelu. Misiba ilikuwa ipo mahali, mizima kabisa, na Luhende aliyenihakikishia kwamba hakuna cha tofauti alikuwa amesimama nje ya mlango wangu.

Niliita kwa nguvu zangu zote: "Pius hajafuta! Video ipo!" Hakuna aliyesikia au hakuna aliyetaka kusikia. Kule mbele sasa kulikuwa na watu wamekusanyika, nasikia wengine wakisema mwizi, wengine wakisema muacheni. Waliosema muacheni walikuwa wachache.

Niliiamuru kompyuta initajie diski zote zilizounganishwa nayo. Ilitaja mbili. Ya pili ilikuwa inaitwa Kando. Nilitazama nyuma ya meza nikaona waya umepita kwenye tundu la ukuta kwenda kwenye kabati la Luhende. Niliifungua Kando. Misiba yote ilikuwa humo, imepangwa kwa majina ya marehemu, na Evelina Kashindye alikuwemo.

Baadaye ndipo nilipoelewa, na Luhende amekiri hilo mbele ya afande. Ni yeye aliyemwagiza yule fundi wa zamani atenge misiba na harusi. Kila folda mpya ya msiba kompyuta iliihamishia Kando yenyewe na kuacha kibao, na bila kibao Luhende hakujua pa kuifungulia. Aliamini kwamba video ya maiti ikilala pamoja na video ya bibi harusi, ndoa ile haimalizi mwaka. Wako wengi wanaoamini hivyo katika kazi hii, na simcheki mtu kwa anachokiamini. Lakini Luhende ni mzee wa kanisa, na nilipomwuliza asubuhi aliona haya kukiri mbele yangu na mbele ya Pius. Alikuwa radhi kijana avunjwe mifupa kuliko yeye aonekane mshirikina.

Studio ile ina spika kubwa mbili zinazotazama barabarani, za kuvutia wateja. Nilifungua sauti mpaka mwisho nikaiwasha video. Kilio cha wanawake kilisikika barabarani kote, kisha sauti ya mchungaji ikimtaja Evelina Kashindye, mama wa watoto watatu.

Stendi haikushuka tena. Nikasikia Masele akisema, kwa sauti ya mtu aliyeamka usingizini: "Fungua." Luhende alifungua komeo upesi kuliko nilivyowahi kumwona akifanya jambo lolote.

Masele aliingia na stendi mkononi. Shati lake jipya lilikuwa na damu kifuani na kwenye mikono. Mimi nilitaka kupita niende kwa Pius, lakini Masele alikuwa ameuziba mlango wote, sikuweza. Hakunigusa. Aliketi chini sakafuni mbele ya kioo cha kompyuta, na stendi akaiweka kwenye mapaja. Nilipata upenyo nikatoka. Pius alikuwa amelala kifudifudi kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, kichwa kimepasuka juu ya sikio la kulia, mkono wa kushoto umekunjika pasipo kiungo. Alikuwa anapumua kwa kukoroma. Nilivua mtandio wangu nikamfunga kichwa. Niliwaomba wale waliokuwa wanasema mwizi waite bajaji, wakawa wanaangaliana. Kina mama wawili wauza dagaa ndio waliokimbilia barabarani.

Nikiwa nimemshika Pius, kutoka pale kizingitini, kupitia mlango wa ndani uliobaki wazi, niliweza kukiona kioo. Video ilikuwa imefika pa kutia udongo. Kaka wakubwa wa Masele walitia wa kwao. Mama mdogo wao anayeitwa Odeta akasema, na wa Masele nani atamtilia? Kaka mkubwa akasema mwizi hana udongo hapa. Yule mwingine akageuza uso. Odeta akawaomba binamu, wakarudi nyuma. Kisha akaitazama kamera moja kwa moja akasema: "Wewe mwanangu wa kamera, wewe huna ugomvi na mtu. Njoo unisaidie."

Kamera ilibaki kwenye stendi, picha ikatulia. Pius akaonekana akitokea upande, akajifuta mikono kwenye suruali, akapiga magoti ukingoni, akachota udongo kwa mikono miwili. Alisema: "Mama, huu ni wa Masele. Yeye mwenyewe atakuja."

Masele aliniambia bila kugeuka: "Rudisha nyuma."

Sikuwa na nafasi ya kurudisha kitu, nilikuwa nimeshika kichwa cha mtu. Alirudisha mwenyewe, sijui alijuaje. Alitazama tena. Halafu akauliza: "Huyu ni nani?"

Nilimjibu: "Ndiye huyu hapa. Umemuua."

Nilisema hivyo kwa hasira, Pius akiwa bado anapumua. Masele aligeuka akamtazama, akaitazama video, akamtazama tena. Uso wa Pius ulikuwa umevimba, hapakuwa na cha kufananisha, ila alimtambua kwa mikono, maana alikuja akaishika akaigeuzageuza. Aliacha stendi pale. Alimbeba Pius mgongoni akakimbia naye barabarani, mimi nikikimbia nyuma nimeshikilia kichwa, mpaka kwenye bajaji waliyoisimamisha wale kina mama. Njia nzima alikuwa anamwita Pius "kaka" na kumwomba aitike. Pius hakuitika. Tulipofika hospitali na Pius akapokelewa, Masele alimwambia mlinzi wa getini aite polisi, akaketi chini akasubiri.

Nilirudi studio majira ya saa sita kuchukua begi langu. Nilimkuta Luhende na ndoo na fagio, anaosha kizingiti. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema damu inafukuza wateja. Nilimpiga kofi. Hilo nalo liandikwe, sitalikana, na kama ni kosa nishtakiwe. Stendi alikuwa ameshaifuta, lakini kwenye miguu yake, kule kwenye skrubu, bado palikuwa na nywele. Ndiyo hiyo niliyoileta hapa kituoni imefungwa kwenye gazeti. Pia nimeleta diski iitwayo Kando na nakala ya skripti ya Pius kama ilivyokuwa, sikubadilisha hata herufi.

Ninataka ieleweke ninachoshuhudia. Aliyempiga Pius ni Masele, nilimsikia, na nilimwona na stendi. Aliyemweka Pius mbele ya Masele ni Luhende. Aliyenifungia ndani, ambapo dakika chache za kusema ukweli zingetosha, ni huyo huyo Luhende. Skripti ilikuwa na kosa, ndiyo, kosa la mstari mmoja ambalo fundi yeyote analitenda na kulirekebisha akanywa chai.

NYONGEZA, saa 11 jioni. Nikiwa bado hapa kituoni, kabla sijatia sahihi, afande Modesta amepokea simu kutoka hospitali kwamba Pius amefariki. Nimelia, na ninashukuru afande amenisubiri.

Muda mfupi baadaye Masele amepitishwa hapa kaunta akipelekwa mahabusu, naye ameshaambiwa. Alisimama, akaomba ruhusa ya kusema nami, akaruhusiwa. Alisema anajua hataachiwa kwenda mazishini Butimba. Akaniomba siku hiyo nimtilie Pius udongo kwa jina lake.

Mimi ni mwanamke wa Kiislamu, na kwetu wanawake hatuendi makaburini wakati wa kuzika. Ningeweza kumjibu hivyo, na yeye angeelewa, na tungeachana kwa heshima. Sikumjibu hivyo. Nilimwambia nitakwenda Butimba, nitasimama pale na wanaume, nitatia udongo wangu mimi Sihaba, na wake sitautia. Alisema sawa, dada. Akapelekwa.

Hapa ndipo maelezo yangu yanapokoma. Nimesomewa, nimeyasikia, ni yangu na ni ya kweli.

Sahihi ya shahidi: S. B. Msafiri

Mimi WP Koplo Modesta nathibitisha kuwa maelezo haya nimeyaandika mwenyewe kama shahidi alivyoyatoa kwa hiari yake, nikamsomea, akatia sahihi mbele yangu. Vielelezo vitatu vimepokelewa: stendi ya kamera, diski, na nakala ya skripti. Jalada limebadilishwa kutoka kujeruhi kuwa mauaji. Luhende Yakobo, aliyefika kama mlalamikaji wa fujo studioni kwake, ameelekezwa asiondoke kituoni.